Prejudice ni ubaguzi au ni kudhuru?

SWALI: Habari zenu wahariri. Natafsiri barua za ofisini, juzi nikakuta barua ya wakili juu kabisa imeandikwa "without prejudice" nikaweka "bila ubaguzi", bosi akanirudishia eti sio. Sasa maana yake nini, na likiwa kitenzi linatumikaje?

JIBU: Pole ndugu yangu, kosa hilo linawapata wengi maana neno lenyewe lina sura mbili. Asili yake Kilatini, prae ni kabla, judicium ni hukumu, yaani hukumu iliyotangulia. To prejudice mtu ni kumjaza maneno kichwani kabla hajaona mwenyewe, mfano mwalimu mgeni hata darasani hajaingia ashaambiwa yule mtoto wa nyuma ni mwizi, basi siku kalamu ikipotea macho yote kwa yule mtoto, na hajafanya kitu masikini! Hapo mimi napenda kusema "kumjengea mtu dhana mapema". Wengine wanasema kumtia sumu, ni tamu ila inabana, kwa sababu dhana yaweza kuwa nzuri pia, ndo maana Kiingereza kinaongeza against kama ni ya kumchukia na in favour of kama ni ya kumpenda. Ubaguzi ni kitu kingine, hilo ni tendo, prejudice inaanzia kichwani.

Sura ya pili ni kudhuru haki au nafasi ya mtu. Ukisikia "it may prejudice your case" hapo hakuna chuki yoyote, wanakuambia utaiharibu kesi yako. Wafaransa wenyewe wametenganisha, préjudice kwao ni madhara, dhana ya mapema wanaiita préjugé.

Barua yako sasa. Mawakili wakiwa wanatafuta suluhu wanaandika hivyo kumaanisha haya tunayoyasema humu usije ukayapeleka mahakamani kama ushahidi dhidi yetu, kwa hiyo andika "bila kuathiri haki zetu". Na uwe makini sana ukikutana na kesi iliyofutwa "without prejudice", hiyo inaweza kufunguliwa tena, ikiwa "with prejudice" ndo imekwisha hairudi, sasa ukiweka ubaguzi hapo mteja anaweza kudhani kesi yake imekufa kumbe bado anayo nafasi.