Mkuu, usiihamishe hiyo databesi kabla hujasoma hapa (bakslashi zilinitoa jasho)

Mkuu, simama hapo hapo. Usipandishe kitu kwenye seva leo.

Nimesoma swali lako: unaandika programu ya kutunza picha za risiti kwa Python, laptopu ni Windows, databesi ni SQLite (ile inayokaa kwenye faili moja), na mwisho wa mwezi unahamia seva ya Linux yenye MySQL (databesi ya kwenye seva). Unauliza njia za mafaili uziandike kwa slashi (/) au kwa bakslashi (\). Uliuliza na mambo mengine mawili, nitayafikia. Halafu nikaona jamaa wa jibu la pili anakwambia "tumia os.sep kila mahali, umemaliza kazi" (os.sep ni alama ya kutenganisha folda ambayo Python inakupa). Chai ikanipalia. Maneno hayo hayo niliyasikia mwaka 2019 kwenye video ya jamaa mmoja mwenye sauti nzuri na kipaza sauti cha bei mbaya, nikamwamini kama mganga.

Kazi yenyewe ilikuwa ya dalali wa nyumba hapa Dar. Picha zinakaa kwenye folda: picha, ndani yake nyumba, kisha eneo, kisha namba ya nyumba, kisha picha yenyewe. Nikaunganisha kwa os.sep kama mwanafunzi mtiifu, na njia nzima nikaiweka kwenye databesi. Kwenye Windows os.sep ni bakslashi, kwa hiyo mistari ikasomeka hivi:

picha\nyumba\kimara\12\3.jpg

Kwenye laptopu kila kitu safi. SQLite haina habari na bakslashi, kwake ni herufi kama herufi nyingine. Dalali akafurahi, akanilipa nusu. Nikatoa dampo ya SQLite, yaani faili la amri za SQL lenye data yote, nikairekebisha kidogo ikubalike, nikaimimina MySQL. Haikulalamika hata mara moja. Ningepata kosa moja tu jekundu ningemchinjia mbuzi.

MySQL ikikuta bakslashi ndani ya nukuu inadhani unaipa ishara. Bakslashi na n ni mstari mpya. Bakslashi na t ni tabu. Bakslashi na b ni ile alama ya kurudi nyuma. Ikifuatwa na herufi isiyo na maana maalumu, bakslashi inatupwa kimya kimya na herufi inabaki. Sasa angalia bahati yangu: folda inaitwa nyumba, maeneo ni tegeta, bunju, kimara, mbezi. Neno "nyumba" likakatika, "yumba" ikaangukia mstari wa chini. Tegeta ikawa "egeta" yenye pengo mbele. Bunju ikawa "unju". Ningepanga kwa makusudi nisingeweza.

Hizo zote zinarekebishika, unaona tabu unajua palikuwa na t. Kilichoniua ni namba. Mwisho wa ule mstari wa juu uligeuka "kimara123.jpg". Sasa niambie wewe: hiyo ni nyumba ya 12 picha ya 3, au nyumba ya 1 picha ya 23? Nilikuwa na picha zaidi ya elfu mbili za namna hiyo. Utasema rudi kwenye faili la SQLite. Nilishaifomati laptopu, kaka. Nilitaka ianze upya, na kweli ikaanza upya.

Wiki tatu nilikaa na dalali, tunafungua picha moja moja. "Hii yenye geti la bluu?" "Hiyo ya mama Fulani." "Na hii yenye mwembe?" "Mwembe upi, Kimara nzima ina miembe." Nilikisia baadhi, nikakisia vibaya, mteja akapelekwa kuona nyumba ya chumba kimoja akiwa na picha za nyumba yenye bustani. Ile nusu ya malipo mpaka leo sijaidai. Naona haya.

Wala os.sep haidanganyi. Inakupa alama ya mashine uliyokalia wakati huo, na ndiyo maana haifai kuingia kwenye databesi, kwa sababu databesi itahama na mashine itabaki. Sheria yangu ni moja tu: kinachohifadhiwa kinaandikwa kwa slashi ya kawaida, kikianzia kwenye folda yako ya picha, bila C: mbele. Python ina pathlib, maktaba ya kushughulikia njia za mafaili, tangu toleo la 3.4. Unganisha kwa Path, na unapohifadhi ita as_posix(), inakupa njia yenye slashi. Basi. Ukisoma, unganisha tena na folda kuu ya mashine husika.

Na wale wanaosema Windows haielewi slashi: inaielewa. open("picha/nyumba/1.jpg") inafanya kazi kwenye Windows bila shida. Zinazogoma ni baadhi ya amri za ile skrini nyeusi, kwa sababu za kale. DOS ya kwanza, mfumo wa kabla ya Windows, haikuwa na folda, slashi ikapewa kazi ya kutanguliza vikorombwezo vya amri kama dir /w. Folda zilipokuja na toleo la 2 mwaka 1983, kiti kilishakaliwa, ikachukuliwa bakslashi. Tunalipa deni la watu wa 1983.

Aliyekushauri urudie bakslashi mara mbili mbili, mpite. Ukiifikisha hiyo Linux utapata faili moja lenye jina refu la ajabu lenye bakslashi katikati, kwa sababu huko ni herufi halali ya jina. Folda hutaziona.

Kuhusu kupunguza ukubwa wa picha na ile hostingi uliyotaja, wengine watakujibu, mimi nimeshapandwa na presha. Ila usiku huu, kwenye SQLite yako, endesha hii, badala ya risiti na njia weka majina ya jedwali na safu yako:

SELECT count(*) FROM risiti WHERE instr(njia, '\') > 0;

Ikileta chochote zaidi ya sifuri, rudi hapa kabla hujatoa dampo. Na laptopu usiifomati.