Valentine: Ilitoka Wapi, na Mkeo Umpe Nini

Kaka, umeuliza kama Valentine ni ya kipagani au ya Kikristo, na kama mkeo wa Ngamiani, Tanga, atanuna usipompelekea waridi jekundu.

Kwa mapokeo ya Kanisa, Valentino alikuwa padri aliyeuawa Roma karne ya 3, akawekewa kumbukumbu tarehe 14 Februari. Mapenzi hayakuwamo kabisa. Yaliingia karne ya 14 Uingereza, pale mshairi Geoffrey Chaucer alipoandika kwamba siku hiyo ndege huchagua wenza wao. Wakubwa wa Ulaya wakaanza kuandikiana barua za mahaba, baadaye zikaja kadi za kiwandani, na biashara ikamaliza kazi. Kanisa Katoliki lenyewe lilimwondoa Valentino kwenye kalenda yake kuu mwaka 1969. Hayo ya kwamba Valentine ilitokana na sherehe za kipagani watu huyarudia sana, ila ushahidi wa kuziunganisha na mapenzi ya leo ni haba. Japani nako wanawake ndio hutoa chokoleti, wanaume huwarudishia zawadi tarehe 14 Machi. Raha iliyoje!

Sasa mkeo. Waridi la dukani bei hupanda wiki hiyo na jioni limeshanyauka. Mtafutie kikuba, asumini na rihani zilizofungwa kwa uzi, atakibandika kifuani nyumba nzima inukie. Ongeza doti ya kanga, lakini usiichague kwa rangi tu: soma maandishi yote mpaka mwisho. Ukimpelekea yenye kijembe, utalala barazani.