Danieli Aliamka Akaenda Kazini

Mwanangu Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Hapa nyumbani hatujambo, baba yako mguu umepungua uvimbe, na mvua imeanza vizuri. Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma, kisha nikamsomea na baba yako. Unauliza: ule ufalme wa Danieli sura ya pili, ambao hautaangamizwa milele, umeshakuja au bado unakuja? Unasema mwalimu wa kikundi chenu cha Biblia huko Dodoma anafundisha kwamba nyayo za chuma na udongo ndicho kizazi hiki chetu, kwamba vita vya Mashariki ya Kati vimeshafunga hesabu, na kilichobaki ni jiwe kushuka tu. Halafu mwisho kabisa, baada ya kumsalimia bibi, umechomeka kimstari kwamba unafikiria kuahirisha masomo ya uzamili "mpaka mambo yaeleweke".

La Danieli nitakujibu. Lakini mwanangu, hicho kimstari ndicho kilichoninyima usingizi.

Ndoto unaijua tangu shule ya Jumapili. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliota sanamu kubwa: kichwa dhahabu, kifua na mikono fedha, tumbo na viuno shaba, miguu chuma, nyayo chuma kilichochanganyika na udongo. Jiwe likachongwa bila kazi ya mikono, likaipiga sanamu kwenye nyayo, vyote vikawa kama makapi, na jiwe likawa mlima mkubwa ukaijaza dunia yote. Kichwa, Danieli mwenyewe alimwambia mfalme kuwa ndiye yeye. Babeli ikaanguka mwaka 539 KK mikononi mwa Koreshi wa Uajemi. Uajemi nao ukaangushwa na Aleksanda, ambaye alikuja kufia Babeli hiyo hiyo mwaka 323 KK, kijana wa miaka 32. Baada ya hapo ndipo wasomaji wanapogawanyika. Wengi tangu kanisa la kwanza wanasema chuma ni Rumi. Wengine wanasema Danieli anaishia kwa Wayunani waliorithi nchi za Aleksanda, hasa yule Antioko Epifane aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK. Babu yako alishika Rumi, mchungaji wetu wa zamani akashika Uyunani, na walibishana pale barazani mpaka chai ikapoa na bibi akaacha kupasha nyingine. Wala hawakuwahi kukosana. Siku babu alipozikwa, yule mchungaji alilia kuliko sisi watoto.

Babu alikuwa akisema yeye Danieli hahitaji kuchorewa. Alizaliwa chini ya Mjerumani, akabatizwa chini ya Mwingereza, na kadi yake ya TANU aliitunza ndani ya Biblia. Kila bendera iliyopandishwa, alisema, aliyeipandisha alidhani haitashuka.

Basi ni lipi? Mimi nasema umekuja. Yesu alipoanza kuhubiri Galilaya alisema wakati umetimia, na mbele ya Pilato, na Rumi yote nyuma ya Pilato, akasema ufalme wake si wa ulimwengu huu. Jiwe lilipiga pale. Rumi ilimsulubisha, na leo Rumi ile ya Kaisari iko wapi? Na hapo hapo nasema bado, kwa sababu mlima haujaijaza dunia. Ungekuwa umeijaza, usingekuwa unazika watoto huko wodini kwako. Katekisimo Ndogo uliyoikariri kwa ajili ya kipaimara, Luther aliyoiandika mwaka 1529, ina jibu ambalo sijaona la kulizidi: ufalme wa Mungu huja wenyewe hata tusipoomba, ila tunaomba ili uje na kwetu pia. Ulijikwaa mahali hapo mbele ya kanisa zima, unakumbuka? Baba yako akakusaidia kutoka benchi la tatu.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Sasa nataka kusema habari ya mjomba wako.

Najua unajua kwamba mjomba "aliwahi kuingia kwenye mambo ya mwisho wa dunia". Hivyo ndivyo tulivyokusimulia, kwa ufupi, kwa sababu ulikuwa mdogo na kwa sababu binti yake Nakiete alikuwa akija hapa kila likizo. Mwaka 1999, kiangazi, alifika mhubiri mmoja kutoka mbali, akaweka jenereta na taa uwanja wa mpira wa shule. Alikuwa na kitambaa kirefu kilichochorwa ile sanamu, akakining'iniza kati ya milingoti miwili ya goli, na fimbo ya kuelekezea. Alijua kuhubiri yule mtu, sitamnyima haki yake. Usiku wa kwanza alianza na dhahabu. Kufikia nyayo, watu walikuwa wanatoka vijiji vya juu kabisa na watoto mgongoni. Akasema kompyuta za ulimwengu zote zitazimika saa sita ya usiku wa mwaka mpya, na hiyo ndiyo alama. Usiku wa mwisho hakusema tarehe waziwazi. Alisema tu, mwenye macho na ahesabu.

Mjomba wako akahesabu.

Mwezi wa nane nilikuwa natoka shuleni na daftari za kusahihisha, nikawakuta wanapanda kutoka barabarani. Mjomba amebeba tranka la bati kichwani, la buluu, jina na namba ya Nakiete vimeandikwa kwa rangi nyeupe, mwandiko wangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwandikia alipokuwa anaingia kidato cha kwanza. Nakiete nyuma yake na godoro limefungwa kamba ya katani. Alikuwa kidato cha tatu. Hesabu alikuwa wa kwanza, na si darasani kwao tu. Nikasalimia, nikauliza, kuna msiba? Mjomba akasema kwa upole kabisa, dada, mtihani wa kidato cha nne ni mwakani, na mwakani haupo.

Nilibishana naye pale pale njiani, na jioni nikaenda kwake nikabishana tena, na Jumapili baada ya ibada. Nilimfungulia Danieli sura ya nane. Nakusihi uifungue na wewe, mstari wa mwisho. Danieli ameona maono ya mataifa na wakati wa mwisho, amezimia, ameugua siku kadhaa. Halafu anasema nini? Aliondoka akazitenda shughuli za mfalme. Mfalme yupi? Belshaza! Yule aliyelewa akinywea divai katika vyombo vya hekalu. Mtu aliyeoneshwa na malaika, siyo aliyesomewa kitambaa uwanjani, aliamka akaenda kazini. Nilimwambia mjomba wako hivyo, akanijibu kwamba Danieli aliambiwa ayafunge maono kwa kuwa ni ya siku nyingi zijazo, na siku hizo ndizo hizi. Jibu alikuwa nalo kila mara. Hilo ndilo lililonichosha.

Vuli hakupanda. Ng'ombe akamuuza, fedha akawagawia watu, na nyingine akampelekea mhubiri. Usiku wa tarehe 31 Desemba walikesha juu kilimani, familia kadhaa. Asubuhi walishuka kwenye ukungu, hakuna aliyemsalimia mwenzake. Kabla ya mwezi kuisha mjomba alikuja jikoni kwangu kuomba debe la mahindi. Nilimpimia. Hakusema neno na mimi sikusema neno.

Machi mwaka ule redio ikatangaza Kanungu, Uganda. Watu kwa mamia wameteketea ndani ya jengo lao la ibada tarehe 17, watu walioahidiwa mwisho ule ule wa Desemba 1999, na ulipopita wakapewa tarehe nyingine. Mjomba wako alikuwa amekaa pale kwenye kigoda. Alisimama akatoka nje akatapika. Na mwaka 2023, waliposema Shakahola kule Kilifi miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni, watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu, mimi ndiye niliyezima redio kabla hajaingia.

Nakiete hakurudi shule. Nafasi yake ilishapewa mtu, ada hakuna, na mwaka uliofuata akaposwa. Unamjua kwa tangawizi zake pale stendi ya Same. Wewe hukuwahi kujiuliza kwa nini vikoba vyote vya kina mama kule kwao vinamtafuta yeye kushika daftari? Anajumlisha safu nzima ya marejesho bila kalamu, midomo inatikisika kidogo tu. Kila nikimwona anafanya hivyo moyo unaniuma, miaka yote hii. Sijazoea.

Sasa labda utasema, mama, mbona kikundi chetu hakijataja tarehe. Ni kweli, na sisemi kwamba mwalimu wenu ni yule mtu wa uwanjani. Tena nikiwa peke yangu najibishana. Mitume wenyewe walingoja kwa hamu. Yesu alisema kesheni, hakusema laleni. Mjomba wako alimtamani Bwana kwa namna ambayo wengi wetu tunaokaa kanisani na bahasha za sadaka hatujui hata ladha yake. Alimtamani mpaka akawa tayari kubaki maskini. Je, nikimwambia binti yangu soma, lipa ada, panda mahindi, sitakuwa namfundisha kuuweka ufalme wa Mungu mbali, kabatini, kama sahani za wageni? Hilo linanisumbua kweli. Kanisa lisilongoja kitu linakuwa ofisi.

Lakini halafu namrudia Danieli, na Yeremia. Unakumbuka Hanania, yule nabii wa uongo? Yeremia anatembea Yerusalemu na nira ya mti shingoni, ishara ya kuitumikia Babeli, Hanania anaivunja mbele ya watu wote hekaluni, anasema ndani ya miaka miwili vyombo vya Bwana vitarudi kutoka Babeli. Habari njema, ya karibu, ya kushangiliwa. Na Yeremia anawaandikia waliochukuliwa uhamishoni: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, itakuwa miaka 70. Hanania alikufa mwaka ule ule. Kisha Yeremia, jeshi la Babeli likiwa limeuzunguka mji, ananunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, anaweka mashahidi, anatia muhuri, na hati inahifadhiwa ndani ya chombo cha udongo ikae siku nyingi. Nani ananunua shamba wakati adui yuko ukutani? Anayeamini kwamba ufalme wa Mungu haumtegemei yeye kufanya haraka.

Na katika hiyo hiyo sura ya pili unayouliza, kuna jambo wahubiri wa vitambaa hulipita mbio. Mfalme alikuwa ameamuru wenye hekima wote wa Babeli wauawe, wachawi na wanajimu, wapagani kabisa. Danieli alipofunuliwa siri usiku, akamshukuru Mungu, kisha akaenda moja kwa moja kwa Arioko, mkuu wa walinzi wa mfalme aliyepewa amri hiyo, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake likawa, usiwaangamize wenye hekima wa Babeli. Kabla hajasema dhahabu wala chuma. Unabii ule uliokoa watu ambao hata Mungu wake hawakumwamini. Nikiupima unabii wowote mimi naupima hapo: umeokoa nani, na umemwondoa nani shuleni? Mitume nao, Yesu alipofufuka, walimuuliza kama wakati huu ndipo anapowarudishia Israeli ufalme. Akawajibu si kazi yao kujua nyakati wala majira, kisha hapo hapo akawapa kazi.

Danieli aliamka akaenda kazini, Neema. Nimelisema kwa mjomba wako, nimelisema kwa wanafunzi wangu mpaka wakalifanya wimbo, na nitalisema mpaka nizikwe.

Kama utoke katika kikundi hicho au ubaki, sitasema. Baba yako amenikataza. Anasema wewe ni mtu mzima, unahudumia wodi nzima usiku, unaweza kupima mafundisho. Nimeandika sentensi hapa nikaifuta, nikaandika nyingine nikaifuta. Labda mwalimu wenu ni mtu mwema na amewafundisha kuomba. Hilo nimeliona hata kwenye sauti yako ukipiga simu. Mwulize tu jambo moja: yeye shamba lake amelipanda? Watoto wake wako shuleni? Akikujibu, utajua mwenyewe, na mimi sitauliza alijibu nini. Nitajaribu nisiulize.

Kuhusu uzamili, hilo hukuniuliza, lakini nimeshaongea na baba yako. Tuna fedha za kahawa na za yule ndama. Niandikie dirisha la kuthibitisha nafasi linafungwa tarehe ngapi, na muhula wa kwanza ni kiasi gani, tujue kama tunakutumia kwa mkupuo au mara mbili. Nakiete naye anasema ana chochote cha kuongeza, usikatae.

Mama yako