Filta ya koni kwenye Forester ya tabo
Je, filta ya hewa ya koni inafungika kwenye Subaru Forester yenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini)? Ndiyo, inafungika, ila usitegemee nguvu ya maana kama programu ya injini bado ni ya kiwandani. Kabla ya kununua, pima kipenyo cha ndani cha bomba la sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini (MAF). Adapta ikipishana nacho, sensa inasoma vibaya na hesabu ya petroli inaharibika. Ukihamisha sensa, usiguse waya wake wa ndani, na mshale uelekee kwenye tabo.

Sehemu inayosumbua ni kati ya sensa na tabo. Klampu ikilegea hapo, inaingia hewa isiyopimwa: injini inatetemeka bila kukanyagwa mafuta, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na vumbi linakula mapanga ya kompresa ya tabo. Kaza mpaka mpira usizunguke kwa mkono, basi.

Filta ya pamba isiloweshwe mafuta kupita kiasi, yatachafua sensa. Tenga joto kwa bati pia, maana koni iliyo wazi inavuta hewa ya moto ya injini.

Barabara za vumbi? Baki na boksi la kiwandani na filta ya karatasi.