Kwangu inakompaili, kwa wenzangu inagoma

SWALI: Fundi salama? Nina programu yangu ndogo ya C++ ya kupanga picha, kodi nimeiweka wazi watu wachangie. Kwangu Linux inakompaili safi (kodi inageuka programu bila eroo), wa Mac naye hana shida, sasa mwenzetu wa Windows anatumia Visual Studio akaambiwa faili la unistd.h haipo, akaufuta ule mstari unaoliita akaweka windows.h badala yake, zikamwagika eroo kama 200! Halafu kuna mwingine yuko Linux kama mimi tu, ila ana kompaila ya GCC toleo la 13, anaambiwa uint32_t (aina ya namba ya biti 32) haijulikani. Linux si ni Linux jamani? Nimeshaandika upya mara mbili, nimechoka.

JIBU: Salama. Kwanza acha kuandika upya, kodi yako haina ubaya mkubwa hivyo.

Huyo wa GCC 13 ndo rahisi. uint32_t inakaa kwenye hedafaili (faili linaloitwa kwa #include) ya cstdint, na wewe nadhani hujawahi kuiita, ilikuwa inaingia kwa mlango wa nyuma kupitia hedafaili nyingine kama string. GCC 13 ilivyotoka 2023 ikapunguza hiyo milango na miradi kibao ikagoma siku hiyohiyo, sio wewe peke yako. Weka #include <cstdint> kwenye kila faili linaloitumia, basi.

Sasa Windows. unistd.h sio ya C++, ni ya POSIX (kanuni za mifumo ya jamii ya Unix), Linux na Mac wanayo ila kompaila ya Microsoft haina. Kuufuta mstari hakusaidii maana usleep (ya kulala) na getcwd (ya kujua folda uliyopo) ulizoziita zinatoka kwenye hiyo unistd.h, na windows.h inakuja na makro (majina yanayobadilishwa kuwa kodi nyingine kabla ya kukompaili) mbili za usumbufu, min na max, kwa hiyo kila ulipoandika std::min kompaila inaona takataka, na hapo ndo nahisi nyingi ya hizo 200 zinatoka. Mwambie aweke #define NOMINMAX juu ya windows.h aone zinavyopungua. Eroo zikiwa nyingi soma ya kwanza tu, rekebisha, kompaili tena, zinazofuata mara nyingi ni kelele za hiyohiyo.

Ila mimi ningeitoa windows.h kabisa. Watu hupenda kujaza #ifdef _WIN32 (kodi ya Windows tu) kila kona mpaka faili halisomeki, na kumbe C++ yenyewe inavyo hivyo vitu: kulala tumia std::this_thread::sleep_for, ipo tangu C++11, mafolda tumia std::filesystem ya C++17. Visual Studio isipowekewa chaguo la /std:c++17 italalamika tena, msishtuke.

Kingine hakitoi eroo, na ndo maana nakiogopa zaidi. Kama saizi ya faili unaiweka kwenye namba ya aina ya long, kwako Linux ya biti 64 ni baiti 8, Windows ni baiti 4 hata mashine ikiwa ya biti 64, yaani itakompaili vizuri tu halafu faili likizidi GB 2 namba inaharibika, inaweza hata kugeuka hasi. Tumia int64_t.

Na huyo wa Mac angalia anavyoandika majina ya mafaili, Picha.h na picha.h kwake kwa kawaida ni kitu kimoja, kwako ni viwili.

Ukikwama tena nitumie eroo ya kwanza kama ilivyo pamoja na toleo la kompaila, sio picha ya skrini ya zile za mwisho.