Mchoro wangu una saini ya Rosa Bonheur, nianze na cheti au nianze na kiazi?

SWALI: Naishi Lyon, Ufaransa. Nimenunua kwenye soko la vitu vya zamani mchoro wa rangi ya mafuta, farasi watatu wako kwenye majani, na chini kulia umeandikwa Rosa Bonheur 1861. Umekuwa wa njano, pembeni karibu mweusi. Jamaa mmoja hapa anasema ataung'arisha kwa kiazi kibichi, na kuna mtu mtandaoni anatoa cheti cha uhalisi, unamtumia tu picha ya simu na hela. Nianze na kipi?

JIBU: Usianze na chochote kati ya hivyo viwili, dada yangu. Kiazi nitakifikia. Kwanza saini, maana hili ndilo linalonichosha kuliko yote kwenye hii kazi ya kukarabati michoro: mtu anakuja ameshika turubai (kitambaa kilichochorwa) na kidole kipo pale pale chini kulia, mengine yote hajayaangalia, hajageuza hata nyuma.

Saini ndo kitu rahisi kuliko vyote kuongeza kwenye mchoro. Unachukua kazi ya karne ya 19 ya fundi asiyejulikana, farasi wake wazuri tu, unachovya brashi nyembamba, umemaliza. Na kwa Rosa Bonheur, mchoraji wa wanyama wa Ufaransa wa karne ya 19, sababu ya kufanya hivyo ilikuwepo tangu yeye mwenyewe yuko hai, kwa sababu huyu mama hakuwa wale wasanii wanaojulikana baada ya kufa. Lile turubai lake kubwa la soko la farasi, Le Marché aux chevaux, lenye upana wa mita 5 na ushee, alilionyesha Salon, maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, mwaka 1853, dalali Ernest Gambart akalinunua faranga 40,000 na kulipeleka Uingereza ambako hata Malkia Victoria aliliona, na mwaka 1887 tajiri Cornelius Vanderbilt akalinunua kwa takriban dola 53,000 na kulikabidhi Metropolitan Museum ya New York, lipo huko mpaka leo. Mwaka 1865 Empress Eugénie, mke wa mfalme wa Ufaransa Napoleon III, alimfuata mwenyewe nyumbani kwake By, karibu na Fontainebleau, kumvisha nishani ya Légion d'honneur, mwanamke wa kwanza msanii kuipata. Jina la namna hiyo lazima litabandikwa kwenye kazi za watu wengine.

Halafu hata saini ikiwa ya zamani kweli, Bonheur yupi? Baba yake Raymond alikuwa mchoraji, ndiye aliyemfundisha maana shule ya sanaa ya serikali Paris ilikuwa haipokei wanawake, ilikuja kuwapokea mwaka 1897, Rosa ana miaka 75. Wadogo zake Rosa nao, Auguste mchoraji, Juliette mchoraji, Isidore alichonga sanamu za wanyama. Ukiona "R. Bonheur" usikimbilie kushangilia, Raymond naye anaanza na R. Na kuna Nathalie Micas aliyeishi na Rosa miaka mingi: ile nakala ndogo ya soko la farasi iliyopo National Gallery ya London, ya 1855, Nathalie ndiye aliyeanza kuijaza rangi na Rosa akaipitia na kuimalizia. Makumbusho yenyewe inaandika majina yote mawili. Sasa kama National Gallery wanaenda taratibu hivyo, huyo wa cheti anajuaje kwa picha ya simu?

Na sasa kinyume chake, ambacho wengi hawakijui. Kazi nyingi za mkono wake halisi hazina saini kabisa! Rosa alikuwa anafanya mazoezi mengi mno, kichwa cha ng'ombe peke yake, mguu wa farasi, kondoo amelala, kwenye karatasi na vipande vya turubai, na hakuviuza, alivitunza By kama maktaba yake ya kufanyia kazi. Alipofariki Mei 1899 akamwachia kila kitu mchoraji wa Marekani, Anna Klumpke, ndugu hawakufurahi, na mwaka 1900 ukafanyika mnada Paris kwenye galeri ya Georges Petit, zaidi ya vitu elfu mbili vikauzwa. Vitu vya mnada ule viligongwa mhuri wa jina lake, na nyuma unaweza kukuta nta nyekundu yenye maneno ya mnada na mwaka 1900. Ndio maana nakwambia geuza nyuma. Mhuri nao unaweza kughushiwa, lakini mtu anayekuonyesha saini kubwa safi na hataki ugeuze fremu, mwogope.

Kwa mchoro wako wewe, chukua lensi ya kukuzia uangalie tumbo la farasi mmoja kwa karibu kabisa. Ukiona vidoti vidogo vya rangi vimepangana, hiyo imechapwa kwa mashine, hata kama juu ina vanishi na inahisi kama turubai ukiipapasa. Karne ya 19 walikuwa wanachapa picha za rangi halafu wanazigandamiza zipate alama za nyuzi, zimedanganya watu wengi. Kazi za Rosa zilichapwa sana, soko la farasi lilichongwa kwenye bamba la kuchapia na Thomas Landseer na chapa zake zikaingia kwenye nyumba za watu kila mahali. Ukiona rangi imelala kwa unene tofauti, njia za brashi zinafuata mwili wa mnyama, hapo una mchoro wa mkono. Wa mkono wa nani, bado.

Kisha angalia miguu. Wewe umesema farasi wako kwenye majani, je kwato zinaonekana au zimefichwa zote? Haithibitishi kitu peke yake, lakini mwigaji hupenda kuficha miguu kwa sababu miguu ndo migumu. Rosa alikuwa anaenda machinjioni kusoma mifupa na misuli, kwa soko la farasi alikwenda kuchora pale pale boulevard de l'Hôpital mara mbili kwa wiki karibu mwaka mzima na nusu, amevaa nguo za kiume ili wafanyabiashara wasimsumbue, na kibali cha kuvaa suruali alikuwa anakiomba polisi na kukihuisha kila miezi 6. Watu wanapenda sana stori ya suruali wanasahau alichoendea kule. Kiungo cha farasi wake kinabeba uzito.

Taa ya UV, ile ndogo ya kukagulia noti, nayo inasaidia. Gizani, vanishi ya zamani inatoa mwanga wa kijani kijani, na rangi iliyoongezwa juu yake inaonekana doa jeusi. Kama saini inaonekana imeelea nyeusi juu ya vanishi, kuna uwezekano mkubwa imeandikwa baadaye. Maabara wanaenda mbali zaidi, wakikuta nyeupe ya titaniamu kwenye rangi ya mwanzo kesi imekwisha, ile imeanza kutumiwa na wachoraji miaka ya 1920 na Rosa alishazikwa.

Sasa huyo wa kiazi. Wengine wanatumia kitunguu, wengine mkate, wengine spiriti, wote wanakuonyesha kile kipande kilichong'aa mwanzo. Kinang'aa kwa sababu ya unyevu! Maji ya kiazi yanapita kwenye nyufa za rangi yanafika kwenye ile tabaka ya chini iliyotengenezwa kwa gundi, inavimba, ikikauka inasinyaa na rangi inaanza kubanduka vipande vipande, na wanga unaobaki ndani ni chakula cha ukungu na wadudu. Njano kama hiyo mara nyingi wala sio uchafu wa juu, ni vanishi iliyozeeka, kiazi hakiigusi. Spiriti ndo mbaya zaidi, hiyo inaigusa vanishi na inaendelea mpaka kwenye rangi, pamba ikianza kuchukua rangi ya farasi ujue mgongo wake umeondoka.

Hii naiandika kwa wote, sio dada wa Lyon tu. Anayekuuzia cheti bila kuuona mchoro anauza karatasi. Anayesafisha bila kujaribu kwanza sehemu ndogo pembeni, bila kukuandikia atatumia nini na kwanini, usimpe kitu cha bibi yako, hata kama bei yake ni ndogo na ya mtaalamu ni kubwa, kwa sababu rangi iliyotoka na pamba hairudi. Na mchoro usio na jina kubwa nao unastahili kuhifadhiwa vizuri.

Wewe piga picha mbele, nyuma, pembeni mwa fremu, kila karatasi na namba iliyobandikwa nyuma usiibandue. Utundike mbali na hita na jiko. Kisha mtafute mhifadhi aliyesomea michoro ya turubai, Ufaransa wapo, umpelekee mchoro wenyewe, na swali la kwanza umuulize ni la kitu chenyewe, limetengenezwa na nini na lini, jina lije baadaye.