Kabla hujanunua ampilifaya, angalia kwanza hedifoni zimekaaje kichwani

Kuna rekodi moja ya udi niliifanyia kazi karibu wiki nzima, nimejifungia chumbani huku Ng'ambo, mjini Unguja, feni nimeizima ili nisikie vizuri, jasho linanitoka, naisafisha naipanga, mwisho nkamtumia Maalim mwenyewe aliyeupiga ule udi akaisikilize. Jioni akanipigia simu. "Mwanangu, umefanya kazi kubwa, lakini udi wangu umeugeuza ngoma." Nkaenda kuisikiliza kwenye gari ya shemeji na kweli, besi inavuma mpaka mlango unatetemeka, ile sauti ya kamba inavyodonolewa haipo, imezama huko chini. Na mimi nlikuwa natumia hedifoni za maana kabisa, Sennheiser HD 600, kaka yangu anayekaa Muscat ndo aliniletea, hedifoni ambazo watu wa studio wanazitegemea tangu zilipotoka mwaka 1997. Sasa nkajiuliza imekuwaje.

Ulikuwa mtandio.

Ngoja nieleze, manake dada wengi wananiuliza hili jambo na wanaume wenye miwani au rasta linawahusu vilevile. Hedifoni za wazi ni zile ambazo nyuma ya spika hakujazibwa, kuna wavu tu, hewa inapita, sauti inatoka nje na ya nje inaingia ndani. Sennheiser ndio walioanza kuziuza za namna hii, HD 414, mwaka 1968, zile zenye sponji za njano. Uzuri wake ni kwamba sauti haigongi ukuta wa kikombe ikakurudia, kwa hio unasikia kama muziki uko chumbani na si ndani ya fuvu, fidla iko huku, kodiani iko kule, kanuni katikati. Kwa taarab asilia yenye vyombo vingi vinavyocheza karibu karibu mi sijasikia kitu kinachozishinda.

Lakini watu wanasikia neno wazi wanafikiri basi hata kwenye sikio pawe wazi, na hapo ndipo tunapokosea. Nyuma ndo wazi. Mbele, kati ya spika na sikio lako, panatakiwa pawe na kichumba kidogo cha hewa na ile sponji inayozunguka sikio ndio kuta zake. Besi ni hewa inayosukumwa taratibu, ukuta ukiwa na tundu hewa inapita pembeni na besi inapungua, wakati sauti nyembamba za juu hazijali sana kitundu kidogo. Mtandio wangu nlikuwa nausokota mara mbili shingoni, una mikunjo, una pini pembeni ya sikio, juu yake ndo naweka hedifoni. Mikunjo ile ni mifereji. Nkawa nasikia besi haba, na mimi nkaiongeza kwenye kompyuta nikidhani rekodi ndo ina upungufu. Kitambaa chenyewe nacho kinameza zile sauti kali za juu, kwa hio nkaongeza na zile, ila besi ikazizidi. Maalim wa watu akapata udi unaonguruma.

Nlivyogundua ni kwa bahati. Nlikuwa nimechoka nkaegemea mikono kwenye hedifoni huku inapiga, ghafla besi ikajaa, nkaachia ikaondoka, nkabonyeza ikarudi. Na hii ndo njia ya kujipima ambayo nampa kila mtu. Weka wimbo unaoujua wenye besi inayotembea, shika vikombe kwenye ukingo, usizibe wavu wa nyuma, bonyeza kidogo sana kuelekea kichwani kisha achia. Kama mabadiliko ni madogo, umekaa vizuri. Kama besi inakuja kwa kishindo ukibonyeza, basi kuna mahali hewa inapenya na hakuna ampilifaya ya bei yoyote itakayoziba hilo tundu.

Sasa navaaje. Nikiwa peke yangu chumbani navua mtandio, basi. Nikiwa studio na watu, navaa ile kofia ya ndani nyembamba ambayo naivuta nyuma ya masikio, hedifoni zinagusa ngozi, halafu mtandio mwepesi naupitisha juu ya upinde, ule ukanda wa hedifoni unaopita utosini, na kuuteremsha nyuma ya vikombe bila kufunika wavu. Ukifunika wavu kwa kitambaa kizito ushazifanya si za wazi tena, jaribu hata kwa kiganja uone sauti inavyobadilika. Kitambaa cha jezi kile kinachovutika ndo kigumu zaidi kwa kazi hii, shifoni inavumilika. Pini zote ziwe mbali na sikio. Hereni vua, si za kuning'inia tu, hata zile ndogo zenye kichwa kikubwa, manake zinainua sponji upande mmoja na utasikia mwimbaji kahamia kushoto wakati yuko katikati.

Nywele nazo. Nikisuka misuko minene upinde unakaa juu zaidi, kwa hio urefu nlioutumia mwezi uliopita haufai tena, na wengi hatukumbuki kuurekebisha. Sikio lote linatakiwa liingie ndani ya duara la sponji, lisikanyagwe juu wala chini. Mi nashusha vikombe mpaka chini kabisa, navaa, alafu navipandisha kidogo kidogo mpaka nisikie sponji inagusa chini ya sikio kwa uzito uleule inaogusa juu. Inachukua dakika moja. Alafu nasikiliza sauti ya mtu anayeongea, si muziki, mtu anayeongea kawaida, nasogeza vikombe mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka ile sauti inakuwa ya mtu aliye mbele yangu na si mtu anayeongelea puani. Robo inchi tu inabadilisha, hasa zile s na sh ambazo kwenye Kiswahili zimejaa, mtu akisema shikamoo utaijua mara moja kama inachoma.

Wenye miwani, mkono wa miwani unapita palepale kwenye sponji. Fremu nyembamba ya chuma ina nafuu kuliko ile ya plastiki pana. Rafiki yangu mmoja anavaa hedifoni kwanza halafu miwani anaitelezesha juu zaidi ya kawaida, mikono inapita juu ya sikio kabisa pale penye sponji laini, na kipimo cha kubonyeza kinaonesha tofauti.

Kuhusu kubana. HD 600 na ndugu yake HD 650 zikiwa mpya zinashika kichwa barabara, na watu wanakimbilia kuzilegeza siku ya kwanza. Mi nasema subiri wiki kadhaa. Kule kubana kuna kazi yake, ndo kunakofanya sponji ikae na kile kichumba cha hewa kisivuje. Kama baada ya muda bado taya linauma, vuta upinde mpaka mwisho, utaona ule ukanda wa chuma umetokeza, pale ndipo pa kukunjua, kidogo sana, pande zote mbili sawa, jaribu, rudia. Usishike plastiki. Kaka yangu alipenda njia nyingine, alizivalisha kwenye boksi lake usiku kucha, asubuhi zilikuwa zimelegea kidogo. Njia zote zinafaa ila mtu akizidisha anaanza kulalamika hedifoni zimepoteza besi, na kumbe kazilegeza mwenyewe.

Na uzito si jambo la kupuuza. Hizi zangu ni kama gramu 260. Sennheiser HD 800 ni gramu 330 lakini vikombe vyake ni vikubwa na havikandamizi sikio kabisa. Ukienda kwenye zile za sumaku bapa, ambazo spika yake ni utando mpana uliopangiwa sumaku, kama Audeze LCD-2 unazidi gramu 500, huo ni uzito wa nusu kilo ya sukari juu ya utosi, kwa joto letu na kwa saa tatu za kazi. Kabla hujatoa hela nyingi ivyo zivae angalau nusu saa mfululizo, dakika tano dukani hazitoshi, shingo haijaanza hata kusema.

Sponji sasa, na hapa ndo nawaomba mnisikilize sana. Sponji zinakufa. Hazichaniki, zinalala tu, kila mwezi kidogo, na zikilala spika inasogea karibu na sikio na usawa wote wa sauti unabadilika. Kwa kuwa inakwenda polepole huwezi kugundua. Mi za kwanza nilikaa nazo zaidi ya miaka miwili, nkawa najua nasikia kilekile, siku nliyoweka mpya nkashtuka, waimbaji wakarudi nyuma hatua moja wakapata hewa ya kuimbia, mwanzo hata sikuzipenda, nkaona kama mbovu, baada ya siku mbili nkaelewa kuwa zilizoharibika ni zile za zamani. Huku kwetu jasho na chumvi ya bahari zinaharakisha mambo. Naosha sponji kila baada ya wiki chache, nazichomoa taratibu, maji ya uvuguvugu na sabuni laini, nazikamua kwa kuzibonyeza ndani ya taulo bila kuzisokota, nazianika kivulini mpaka zikauke kabisa ndo nazirudisha. Nikimaliza kazi nazifuta kwa kitambaa kikavu na naziacha wazi zipoe, sizifungi kwenye mfuko na ule unyevu.

Usinunue sponji za bei chee zisizo na jina. Nlinunua mara moja, zilikuwa nene zaidi na za ngozi bandia, kichwani zilinipendeza lakini sauti ilikuwa ya hedifoni nyingine kabisa, besi nyingi, katikati pametoboka. Upana wa tundu, unene, kitambaa, vyote vimepigiwa hesabu na aliyetengeneza spika. Sponji ni nusu ya chombo.

Kitu kingine kidogo kinachowatisha watu. Ukisikia upande mmoja unatetema kwenye besi, zzz hivi, usidhani spika imekufa. Mara nyingi ni unywele. Unywele mmoja umepenya kwenye kile kisponji chembamba cha ndani ukagusa spika. Chomoa sponji ya sikio, inua kile kisponji, mulika na tochi ya simu, uutoe kwa kibano bila kugusa ule utando wenyewe. Mi imenitokea mara mbili na mara ya kwanza nlilia kabla sijajua.

Kelele. Hedifoni za wazi hazizuii kitu, bodaboda utaisikia, watoto utawasikia, jenereta ya jirani utaisikia. Hatari yake ni kwamba mkono unaenda wenyewe kuongeza sauti ili kuishinda kelele. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 za wiki, na sauti ikipanda zaidi muda wa usalama unapungua upesi sana. Kwa hio kazi ya kusikiliza kwa makini naifanya alfajiri au baada ya Isha watu wakishalala, napata utulivu na naweka sauti chini, na nasikia mengi zaidi kuliko mchana nikiwa nimeifungulia. Kama unataka za kuvalia kwenye daladala nunua zilizozibwa, hizi si zake, na jirani yako kwenye kiti atasikia wimbo mzima.

Nimebakisha ampilifaya na sitakaa sana hapo. HD 600 zina ukinzani wa umeme wa omu 300, ni mkubwa, kwa hio simu nyingi zinazisukuma kwa shida, utasikia ila rekodi za zamani zilizorekodiwa kwa sauti ndogo hazitatosha. Ampilifaya ndogo ya kawaida iliyo safi inamaliza tatizo. Ukishapata sauti ya kutosha bila mikwaruzo, hela inayobaki nunulia sponji. Na ekwalaiza, ile programu ya kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu, ni ya mwisho kabisa, baada ya kukaa vizuri. Kwenye Windows kuna Equalizer APO, ni bure. Mi naongeza kidogo tu chini ya hezi 100, yaani ile besi nzito ya chini, kama desibeli 3, manake hizi hedifoni kwa asili yake besi ya chini kabisa hupungua, na kila nikiongeza huku napunguza sauti ya jumla kwa kiasi kilekile ili isipasuke. Ukiweka ekwalaiza juu ya hedifoni zilizokaa vibaya utakuwa unafanya nlichokifanya mimi na ule udi.

Ile rekodi nliifungua upya. Nkavua mtandio, nkashusha vikombe, nkapima kwa kubonyeza, nkafuta marekebisho yangu yote ya mwanzo nkaanza na sauti ilivyotoka kwenye maikrofoni. Ilihitaji kitu kidogo mno, kuondoa mvumo wa chumba na kunyanyua kidogo pale kidole kinapogusa kamba, kazi ya asubuhi moja. Safari hii nkaenda nayo mwenyewe kwa Maalim, nkamvalisha hedifoni, nkamrekebishia vikombe maana ana kofia na miwani pia, nkamwomba kofia aivute nyuma kidogo. Akafumba macho akasikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vya kulia vinacheza juu ya goti, akaniambia nimrudishie tena mwanzo.

Sponji za sasa nimeziandikia tarehe kwa kalamu kwenye ule ukingo wa plastiki wa ndani. Zina miezi kumi na moja. Bado zimenyanyuka vizuri ila ya kushoto imeanza kulala upande wa chini, kwa hio kaka akija na Idd nishamwambia aje na pea nyingine.